Lango la Bwana Murdo

Katika ofisi yangu ya Voi nimetundika vitu viwili ukutani. Cha kwanza ni stashahada yangu ya uuguzi niliyoipata Minnesota, ndani ya fremu ya mvule, na sioni haya kusema kwamba katika kata yetu hakuna mwanamke wa rika langu aliyewahi kuwa na karatasi kama hiyo. Niliipata kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Cha pili ni picha kubwa ya kasri lililobomoka juu ya jabali, bahari imelizunguka pande tatu, mnara wake hauna paa. Wageni hupita stashahada wakasimama mbele ya picha. "Huku ni wapi, Madam?" huuliza. Kwa miaka mingi nilijibu, "Uskoti," kisha nikanyamaza kwa namna ya kuwafanya waamini kwamba nilifika. Sijafika. Lakini kasri hilo nalijua kuliko ninavyoijua Ngome ya Yesu pale Mombasa. Najua jiko lake lilikuwa wapi, najua kisima kilichojazwa mawe, najua upande ambao nyasi huteleza hata wakati wa kiangazi. Niliambiwa yote na mtu mmoja, katika mwaka mmoja, na mtu huyo alikufa kwa sababu yangu.

Habari za ukoo wangu siziingizi hapa. Walio hai wanazijua na wafu hawanihitaji niwasemee. Naandika juu ya mwaka ule kwa sababu mwaka jana nilirudi Minnesota kununua vitanda vya hospitali vilivyotumika, kwa ajili ya chuo changu cha wahudumu wa wagonjwa. Kanisa la Wakenya la Burnsville lilisikia ninakuja, likasema halitakubali nilale hotelini kama mtu asiye na kwao. Likamtuma dereva wa basi dogo la kanisa anipokee uwanja wa ndege. Dereva huyo alikuwa Njeri. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka ishirini na miwili. Alilitwaa sanduku langu kabla sijamsalimu, akaliinua kama mtu anayeinua mto, akasema, "Umenenepa, Wakio." Nikasema, "Ni maisha mazuri." Tukaingia barabara kuu. "Nasikia siku hizi wewe ni mkurugenzi," akasema. "Ndiyo, wanafunzi themanini," nikajibu, na nikaongeza habari za jengo jipya. "Mungu ni mwema," akasema Njeri, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la duka. Niliitazama mikono yake kwenye usukani. Ilikuwa imechubuka na kukauka kwa sabuni za kusafishia sakafu, nami nilijua ni nani aliyeitia kwenye sabuni hizo.

Mwaka ule mimi na Njeri tulikaa pamoja New Hope, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, juu ya chumba cha mashine za kufulia. Sakafu yetu ilitetemeka kila mtu wa chini alipofua. Tulipika ugali kwa unga wa mahindi wa duka la Wameksiko, tukala na mboga za majani mapana ambazo Njeri alikataa kuziita sukuma. "Hii ni binamu ya sukuma," alisema, "yule wa mjini asiyesalimia watu." Alikuwa mcheshi, mwepesi, na mikono yake ilifanya kazi kabla akili haijaituma. Mimi nilikuwa nasoma jioni ili niingie chuo cha uuguzi, na vitabu vyangu vilijaa mezani hata tukala sahani zikiwa magotini. "Ukifeli mtihani baada ya kunifanya nile kama niko kwenye mkutano wa injili," aliniambia, "nitakurudisha Taita kwa miguu." Sikufeli. Sijawahi kufeli mtihani wowote maishani mwangu, na hilo liandikwe.

Sote wawili tulifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya mtaani, ya chini, yenye gereji na wazee wanne. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya karoti zilizochemshwa kupita kiasi, dawa ya kusafishia na sufu iliyolowa. Wazee walikula chakula cha jioni saa kumi na moja: nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi, njegere za kopo, maziwa. Msimamizi wetu, Debra, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila wiki: lolote unalojua kuhusu mzee, liandike katika faili lake. Anapenda upande gani wa kitanda, anaogopa nini, wimbo gani humtuliza. "Ukigongwa na gari leo," alituambia, "kesho mwenzako asome, ajue." Tuliandika. Mimi niliandika vizuri kuliko wote, kwa hati ya kuunganisha, na Debra aliwaonyesha wahudumu wapya mafaili yangu.

Bwana Murdo alikuwa na chumba cha nyuma. Alikuwa na miaka themanini na minne, kichwa chake kimeshaanza kupoteza siku na majina, lakini kifua na mikono bado ni vya mtu aliyebeba mawe. Dirisha lake lilitazama uwanja wa nyasi, uzio wa mbao wenye kilango kidogo, na ng'ambo ya uzio bwawa la maji ya mvua ambalo bata walilipenda. Juu ya kitanda chake ndipo ilipokuwa picha ile ya kasri. Kila siku, jua lilipoanza kulegea, alibadilika. Alisimama, akatafuta viatu, akatikisa kitasa cha mlango wa nyuma, akapiga kelele. Mwezi wa Machi alimpiga mhudumu mmoja ngumi ya shavuni. Debra akasema ikitokea tena atahamishiwa wodi ya kufungiwa, mahali ambapo wazee wa namna yake hupewa vidonge na kulala wameketi, mate yakiwatoka, hadi wanapokufa. Bintiye, Ailsa, mwanamke wa makamo aliyeishi Maple Grove, alilia jikoni huku akishikilia kikombe kitupu.

Siku mbili baadaye nilikuwa zamu peke yangu. Saa kumi alasiri nikamkuta mlangoni akitikisa kitasa. "Unakwenda wapi, Bwana Murdo?" nikamwuliza. "Kufunga lango," akasema. "Baba atarudi." Wenzangu walikuwa wakimjibu kwamba hakuna lango, baba yako amekufa, kaa chini. Mimi sijui niliongozwa na nini. Napenda kuamini ni kipaji. Nilimvika koti, nikamwambia, "Twende tulifunge." Tukavuka theluji iliyokuwa ikiyeyuka hadi kwenye kilango cha uzio. Alikivuta, akasukuma komeo, akakitikisa mara tatu kuhakikisha. Halafu akanigeukia, macho yake yakiwa maji matupu, akauliza, "Wametoka wote?" Nikasema sijui. Akalishika komeo alifungue tena. Ndipo nikasema upesi, "Wametoka wote. Nimewahesabu." "Na Isla?" "Isla yuko nyumbani, anakunywa maziwa." Alishusha pumzi ndefu. Akanishika mkono kama babu anavyomshika mjukuu, akarudi ndani, akala nyama yake yote, akalala.

Tukafanya hivyo kila siku. Machi hadi Januari. Kadiri alivyotulia ndivyo alivyozungumza, na msimu ule wa joto, tukiwa tumeketi kwenye viti vya plastiki karibu na uzio, alinitembeza katika kasri lake. Baba yake alikuwa mlinzi wa magofu yale, pwani ya kaskazini mashariki ya Uskoti, na familia iliishi katika kijumba cha mawe upande wa bara. Kati ya kijumba na kasri palikuwa na shingo nyembamba ya ardhi, upana wa mikokoteni miwili, bahari chini kulia na bahari chini kushoto. Katika shingo hiyo ndipo lilipokuwa lango la chuma. Ukishalipita unaingia ua uliojaa nyasi, kisha jiko lenye meko ambayo mtu mzima angesimama ndani yake na kofia kichwani, kisha ukumbi usio na sakafu, ambamo ndege weupe walitaga katika matundu ya kuta. Kila majira ya baridi jiwe au mawili yalidondoka baharini, mamake aliyasikia kitandani akasema, "Nyumba ya watu inapungua." Upepo ulipovuma kutoka mashariki, chumvi ilitanda juu ya madirisha hata huoni nje. Mimi ni mtu wa milimani. Bahari yangu ya kwanza ya kuijua kweli, harufu yake na ubaya wake, niliipata katika mtaa wa New Hope, kutoka kinywani mwa mzee aliyesahau jina la bintiye.

Habari ya Isla aliitoa vipande vipande, na sikumvuta. Alikuwa mdogo wake, ana miaka sita. Yeye Murdo alikuwa na kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kufunga lango saa kumi, kabla ukungu haujapanda, baada ya kuwahesabu wageni wote wanaotoka. Siku moja alikuwa ufukweni na wenzake wakirusha mawe. Alichelewa. Alipofika alikuta ua mtupu, akafunga lango bila kuhesabu, akaenda kula. Isla alikuwa ndani. Hakuna aliyejua alipanda wapi wala aliteleza wapi. Maji yalimrudisha siku ya nane, katika ghuba ambamo watu waliegesha mashua. "Baba hakunigombeza," aliniambia. "Kuanzia siku hiyo alilifunga lango mwenyewe. Hakusema neno. Alilifunga mbele yangu kila siku hadi nilipoondoka." Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa na hakurudi. Bintiye hakuwahi kusikia habari hizo. Ailsa alidhani picha ile ni mapambo.

Hapa ndipo nafika mahali ambapo kalamu yangu huwa nzito. Kila jioni niliandika katika faili la Bwana Murdo: ametulia, amekula, hana vurugu. Sikuandika namna. Sikuandika kilango, wala komeo, wala swali, wala jibu. Zamu nyingi za mchana zilikuwa zangu, Njeri akishika za usiku, na siku nilizokuwa shuleni nilimwomba Debra anipange nipite saa kumi kwa nusu saa. "Sijui unamfanya nini," Debra alisema, "lakini nyumba hii bila wewe ingeshindwa naye." Nililipenda neno hilo. Nililibeba kwenda nalo nyumbani kama mtu anayebeba nyama. Kisha, mwishoni mwa Desemba, nikiwa nakunja mashuka, nilimsikia Debra kwenye simu ofisini akisema kwamba mmoja kati yangu na Njeri angefanywa kiongozi wa nyumba, na huyo ndiye angeandikiwa barua ya kumpendekeza kwa chuo cha uuguzi. "Njeri ana mikono," alisema. "Wazee wanampenda. Lakini Wakio ana yule mzee." Nilikunja mashuka yale pembe kwa pembe. Nilikuwa na mzee mmoja tu. Njeri alikuwa na wote watatu waliobaki.

Katikati ya Januari alifariki kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa akiendesha lori. Mnajua desturi yetu huko: watu hukutana nyumbani kwa marehemu kila siku, wanaomba, wanakula, hadi mwili usafirishwe nyumbani. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kupika, Burnsville, pilau ya watu sitini. Nikamwambia Njeri, "Nishikie Jumamosi." Akakubali kabla sijamaliza kusema, Njeri hakuwahi kukataa kumshikia mtu. Tulikabidhiana jikoni kwetu, kwa Kiswahili, mimi nikiwa nimevaa koti tayari, yeye akimenya kitunguu. Nilimweleza dawa za sukari, nepi, mama mmoja aliyevunjika nyonga. Akauliza, "Na huyu mzee wako wa kasri? Nasikia saa kumi anawaka." Kisu chake kilisimama kusubiri jibu. Jibu lilikuwa sentensi tatu tu. Nikasema, "Mpe chai tu, atatulia." "Chai tu?" "Chai tu." "Haya basi, nenda," akasema, "na usitie chumvi kwa mkono, wale ni watu wenye huzuni, si ng'ombe."

Yaliyotokea niliyapata baadaye, kwa Njeri mwenyewe na kwa maswali ya wakaguzi wa serikali ya jimbo. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kuunguza pua. Saa kumi Bwana Murdo alianza. Njeri akampa chai, mzee akaimwaga. Akasema anataka lango. Njeri, kwa kuwa ni mtu mkweli, akamshika mabega akamwambia kwa upole, "Lango liko Uskoti, Mzee. Huku ni Minnesota." Mzee akalia kidogo, halafu akanyamaza. Njeri alifikiri amekubali. Mama wa nyonga akaita kutoka chooni. Njeri akaenda, akawa amemnyanyua nusu, mikono yote miwili imeshika, ndipo kengele ya mlango wa nyuma, ile ya kutuambia umefunguliwa, ikalia. Hakuweza kumwachia. Alipomkalisha na kukimbilia nje, uwanja ulikuwa mtupu na theluji ilikuwa imekanyagwa na watoto wa jirani, huwezi kujua nyayo zipi ni za nani. Akatazama kilango. Kilikuwa kimefungwa, komeo limesukumwa hadi mwisho. Mzee aliyechanganyikiwa hafungi kilango nyuma yake. Ndivyo mtu yeyote angefikiri. Akakimbilia barabarani, upande wa magari, akiita. Ni mimi peke yangu, katika dunia nzima, niliyejua kwamba angekifunga. Nilikuwa Burnsville nachagua mchele.

Walimkuta ng'ambo ya uzio, ukingoni mwa bwawa lililoganda, amevaa sweta na ndara, akiita kuelekea barafu jina la mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba wametoka wote, kwa hiyo alitoka kwenda kuwatafuta.

Nilikwenda kumwona hospitalini siku ya saba. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji mpaka vikawa kama ngumi mbili nyeupe, na kifua kilikuwa kimejaa nimonia, kila pumzi ikikwaruza. Ailsa alikuwa kando ya kitanda na koti mwilini, kama mtu ambaye hajaamua kukaa. Bwana Murdo alifumbua macho akanitazama mimi, si yeye. "Wametoka wote?" akauliza. Ailsa akanigeukia. "Anauliza hivyo tangu juzi," akasema. "Anawauliza wauguzi, anamwuliza daktari. Hakuna anayejua amjibu nini. Wewe unajua anamaanisha nini?" "Na Isla?" akauliza Bwana Murdo. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu; nilikuwa nimelisema zaidi ya mara mia mbili. Lakini ningelisema mbele ya Ailsa, angeuliza nimelijuaje, na kwa nini aliyeshika zamu Jumamosi hakulijua. Nikasema, "Sijui. Ni ugonjwa tu." Akanitazama kwa muda, yule mzee, kama anayengoja mtu amalize sentensi. Alikufa siku ya tisa. Nimewaona wengi wakifa tangu wakati huo, nimewafumba macho wengi, na nimefundisha wengine kufanya hivyo. Hakuna aliyenitazama hivyo.

Maswali yaliulizwa jikoni mwa nyumba ya wazee, kwenye meza ile ile tuliyoandikia mafaili. Alikuwapo Debra, mwanamke mmoja wa jimbo mwenye kalamu ya bluu, Njeri na mimi. Mwanamke yule aliuliza kama palikuwa na jambo lolote ambalo mzee alizoea kufanya saa kumi. Njeri alinitazama. Hakunitazama kwa kunishuku. Alinitazama kama unavyomtazama mwenzako anayejua njia. "Alikuwa anapewa chai," nikasema. Kalamu ya bluu ikaandika. Njeri aliondolewa kazini, na jina lake likaingizwa katika orodha ya watu wasioruhusiwa kutunza wagonjwa wala wazee. Mimi nilifanywa kiongozi wa nyumba. Barua yangu iliandikwa. Ailsa alikuja kunishukuru kwa mwaka wa utulivu niliompa baba yake, akaniletea picha ya kasri imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Njeri alihamia Burnsville kwa shangazi yake. Alipokuwa akipanga nguo alisema, "Kama ningekuwa na mkono wa tatu, Wakio." Nikamsaidia kufunga zipu.

Yote hayo yalikuwa ndani ya basi dogo la kanisa mwaka jana, kati yangu na dereva. Njeri alinipeleka kwake, kwa kuwa ndiye aliyepangiwa kunilaza. Alipika ugali, mboga zile zile na samaki wa kukaanga, na binti yake, Shiru, wa miaka kumi na saba, alikula nasi akisikiliza Kiswahili chetu na kujibu kwa Kiingereza. Nilijisifu mezani. Nilieleza chuo, gari, kiwanja. Shiru akaniuliza kama nilimjua mama yake zamani, alipokuwa bado anatunza wazee. Njeri akasema, "Kula." Lakini msichana alikuwa ameanza, akasema kwamba alipokuwa mdogo watoto wa shule ya Jumapili walimwita mtoto wa yule aliyemgandisha mzee, na kwamba wakubwa bado husema hivyo wakidhani haelewi Kiswahili. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja anwani yao.

Msichana alipokwenda chumbani nilimwambia Njeri. Nilimwambia nikiwa nimeketi, yeye amesimama kwenye sinki amenipa mgongo, na nilipofika kwenye neno "komeo" alifunga bomba. "Lilikuwa limefungwa," akasema. "Lile lango, Wakio. Nililiona kwa macho yangu limefungwa." "Alilifunga yeye. Alikuwa analifunga kila siku. Mimi ndiye niliyempeleka." Akakaa. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia kulia, kisha maombi, kisha kukumbatiana. Ndivyo mambo yetu huisha. Njeri alifuta mikono kwa taulo, kidole kwa kidole. "Miaka ishirini na miwili," akasema, "usiku na mchana namrudisha yule mama chooni. Nikimwachia anavunjika, nisipomwachia mzee anatoka. Namrudisha, namrudisha. Nilidhani ni mkono wangu uliochelewa." Nikasema, "Nisamehe, dada." "Usiniite dada. Umekuja na chuo, umekuja na gari, umekula samaki wangu, sasa unataka ulale." Nikasema niko tayari kufanya lolote. Aliinuka, akatundika taulo.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Wageni wa kutoka nyumbani husimamishwa wasalimie kanisa. Watakupa maikrofoni. Haya uliyoniambia jikoni, yaseme pale."

"Yote?"

"Na ya hospitali."

"Njeri, watanionaje?"

"Vile wamekuwa wakiniona."

Kanisa lao hukutana katika ukumbi wa shule, viti vya kukunja, madirisha yanayotazama maegesho ya magari. Mchungaji alinitambulisha kwa maneno ambayo siku nyingine ningeyaandika hapa neno kwa neno: mkurugenzi, mwanamke wa kupigiwa mfano, binti aliyeondoka hana kitu akarudi kujenga. Watu wakapiga makofi. Nikaishika maikrofoni. Njeri alikuwa safu ya mwisho, viti vya kulia na kushoto kwake havina watu, Shiru akiwa mbele na vijana. Nikasema jina langu. Nikasema kwamba zamani nilifanya kazi New Hope pamoja na dada yenu anayewaendesha kila Jumapili, na kwamba kuna mzee mmoja aliyekufa kwa baridi, na kwamba mnajua habari hiyo vibaya. Nilieleza kilango. Nilieleza swali na jibu. Nilieleza jikoni, kitunguu, chai tu. Nilisimulia na hospitali, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa yote. Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa Kiingereza na mama yake akamfunika mdomo.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja wa makamo katika safu ya tatu aliinuka. Baadaye niliambiwa kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema lile neno la kumgandisha mzee, miaka hiyo yote iliyopita. Alitembea hadi nyuma, polepole, akishikilia migongo ya viti, akafika kwenye kiti kilicho kando ya Njeri. Mkoba wa Njeri ulikuwa juu ya kiti hicho. Mwanamke yule alingoja. Njeri alitazama mbele, mikono yake imekaa magotini, na hakuuondoa mkoba. Tukabaki tumesimama, mwanamke yule nyuma na mimi mbele, kanisa zima limekaa, wala hakuna aliyethubutu kutuambia tuketi.